Nakala Iliyokuwa Nje ya Mtandao

Mhadhara wa wazi kwa wahasibu, makatibu muhtasi, walimu na wenye biashara ndogo

 Mada niliyopewa ni hatari za kompyuta na namna ya kujikinga. Mada hii huzungumzwa sana kwa kutishana, na mtu aliyetishwa huenda nyumbani akafanya yale yale aliyokuwa akiyafanya jana. Leo nitajaribu njia nyingine.

Nianze na Odessa, mji wa bandari wa Ukraine kwenye Bahari Nyeusi. Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake mnayaona yakipita juu ya malori Dar es Salaam na Mombasa, ilikuwa na ofisi huko. Mkuu mmoja wa fedha aliomba kompyuta moja iwekewe M.E.Doc, programu ya hesabu za kodi inayotumiwa na wafanyabiashara wengi wa Ukraine. Hakuna mhasibu humu ndani ambaye hajawahi kuomba kitu cha namna hiyo. Kumbe wadukuzi walikuwa wameshaingia kwa watengenezaji wa programu hiyo. Baadaye serikali za Marekani na Uingereza zilisema wadukuzi hao ni wa jeshi la Urusi. Tarehe 27 Juni 2017 mnyoo wa kompyuta, yaani programu inayojisambaza yenyewe, ulioitwa NotPetya ukatoka kupitia njia ya masasisho ya programu hiyo ya kodi.

Mnyoo huo ulijifanya programu ya kudai fidia. Uliandika kwenye skrini kwamba faili zimefungwa, lipa upewe ufunguo. Ufunguo haukuwapo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuharibu tu. Katika makao makuu ya Maersk kule Copenhagen skrini ziliingia giza moja baada ya nyingine, na wafanyakazi wakakimbia vyumba kwa vyumba kuwaambia wenzao wachomoe nyaya. Bandari 17 kati ya 76 zilizokuwa zikiendeshwa na kampuni hiyo zilikwama, na malori yakajipanga nje ya mageti yasiyojua kontena gani ni la nani.

Mafundi walikusanyika Uingereza ili kuujenga mtandao upya. Nakala za seva nyingi walizipata. Waliyoikosa ni nakala ya seva za aina moja, zile zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao, yaani nani aingie wapi. Seva hizo zilikuwa kama 150, zimetawanywa duniani, na kila moja ilikuwa ikinakiliana na wenzake usiku na mchana ili moja ikianguka nyingine ishike kazi. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba zote zingefutwa kwa mkupuo, na zilifutwa zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla ya shambulio, mashine ikazimika, mnyoo ukapita bila kuikuta.

Intaneti ya ofisi ile ya Ghana ilikuwa nyembamba mno kuvusha data yote kwa siku chache, na hakuna mfanyakazi wa pale aliyekuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja wao akapanda ndege hadi Nigeria, akakutana uwanjani na mwenzake, akamkabidhi diski mkononi, na huyo wa pili akaruka nayo hadi London. Januari 2018, mwenyekiti wa Maersk, Jim Hagemann Snabe, alisimama Davos akasema walifunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Nimeichagua habari hii kwa makusudi. Mkuu yule wa fedha wa Odessa hakubofya linki ya kipuuzi, hakupakua filamu ya wizi, wala hakumpa mtu nywila yake. Alifanya kazi yake, na bado nyumba ikaungua. Kwa hiyo yeyote anayewaambia kwamba mkiwa waangalifu hamtapatwa anawadanganya. Uangalifu unapunguza siku za kupatwa, na nitauzungumzia. Lakini swali ninalotaka kila mmoja aondoke nalo ni hili: nikipatwa kesho asubuhi, saa nne nitakuwa nafanya kazi na nini?

Zamani jambo hili lilikuwa na sura ya utundu. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain na wakaandika ndani yake majina yao, anwani na namba za simu za duka lao. Mwizi wa leo haachi namba ya duka. Siku hizi kazi hii ni biashara yenye watu wa kuandika programu, watu wa kuikodisha, na watu wa kupokea fedha. Programu ya kudai fidia ndiyo bidhaa yao kubwa. Inaingia, inazisimba faili zako kwa fumbo ambalo kompyuta yako haiwezi kulifungua hata ikijaribu miaka, kisha inakuuzia ufunguo.

Tarehe 12 Mei 2017, wiki chache kabla ya NotPetya, kulitokea WannaCry. Ilidai dola 300 kwa kila kompyuta, zilipwe kwa bitikoini, na ilisambaa katika nchi zaidi ya 150. Hospitali za umma za Uingereza ziliumia sana: wagonjwa walirudishwa nyumbani, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kijana mmoja, Marcus Hutchins, aliuchunguza mnyoo huo akaona unauliza jina fulani la tovuti ambalo halikuwa limesajiliwa na mtu. Akalisajili kwa dola kama kumi, na mnyoo ukaacha kusambaa. Gazeti hupenda kuishia hapo. Mimi napenda zaidi tarehe nyingine, 14 Machi 2017. Siku hiyo Microsoft ilikuwa tayari imetoa sasisho la kuziba tundu ambalo WannaCry ilipitia. Karibu miezi miwili mizima dawa ilikuwa mezani.

Najua kwa nini masasisho hayafanyiki kwetu, na si uvivu. Ni bando. Mtu aliyenunua bando la wiki hawezi kuiachia Windows ilambe nusu yake usiku mmoja, hivyo anamwita fundi mtaani amzimie masasisho yote, na fundi anazima kwa mkono mmoja huku akiweka Windows ya kukraki kwa mkono mwingine. Sitawahubiria juu ya wizi wa programu, mnayajua. Nasema tu kwamba programu ya kukraki imefunguliwa kufuli na mtu usiyemjua, na hujui ameacha nini ndani. Kuhusu bando, weka siku moja kila mwezi ya kuibeba kompyuta hadi mahali penye Wi-Fi ya bure au ya ofisi, uiache isasishe mpaka imalize. Ukikosa nafasi ya kusasisha kila kitu, sasisha mfumo wenyewe na kivinjari. Na mkumbuke kwamba Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi bado zinaitumia. Mashine yenye umri haihitaji kutupwa. Inaweza kuwekewa Linux ikaendelea kuandika barua na hesabu vizuri tu, na ikishindikana, iondolewe kwenye intaneti ibaki ya kuchapa.

Sasa twende stationery. Nasema stationery kwa sababu ndipo maisha ya kompyuta ya watu wengi yanapofanyika hapa kwetu. Kule Kenya wataiita cyber. Pale ndipo tunapochapa vyeti, tunapojaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, tunapoomba kazi serikalini, tunapoomba namba ya mlipakodi. Kijana anayehudumu pale ni msaada mkubwa, na wengi wao ni waaminifu. Lakini angalieni yanayofanyika. Mama anakuja hana barua pepe. Kijana anamfungulia, anachagua nywila mwenyewe, anaiandika kwenye kaunta buku la duka, na siku hiyo hiyo anaunganisha barua pepe hiyo na maombi ya mtoto ya mkopo. Tangu hapo buku la duka ndilo lenye ufunguo wa masomo ya mtoto. Duka likihama au kijana akiacha kazi, ufunguo umeenda. Mwingine anafungua barua pepe yake pale, anachapa barua, anaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Wa tatu ameunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya duka ili atume picha moja, na mwezi mzima unapita mazungumzo yake yakionekana kwenye skrini ile.

Yote haya yana tiba ndogo. Nywila ichaguliwe na mwenye barua pepe, hata kama ataiandika kwenye daftari lake la nyumbani. Daftari la nyumbani, lililofungiwa kabatini, ni salama kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mdukuzi wa mbali hafiki kabatini kwako. Kwenye WhatsApp fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Na flashi ya kwenda kuchapia iwe na faili la kuchapwa tu. Nimeona wanafunzi wa chuo wakienda stationery na flashi yenye tasnifu nzima, nakala pekee duniani. Flashi ile inarudi ikiwa na virusi vilivyoficha mafolda yote na kuweka mahali pake vijifaili vya njia ya mkato. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa tu, na anayejua anaweza kuzirudisha. Ila mwanafunzi mwenye hofu na siku ya mwisho ya kuwasilisha huwa ameshaifomati.

Kuhusu nywila kuna ushauri mwingi wa zamani unaozunguka maofisini ambao umeshakufa. Mwongozo wa mwaka 2003 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ndio uliotuletea mambo ya kuchanganya herufi kubwa, namba na alama, na kubadilisha kila baada ya miezi michache. Mwandishi wake, Bill Burr, alikuja kuliambia gazeti mwaka 2017 kwamba anayajutia mengi aliyoyaandika, na mwaka huo huo taasisi ikatoa mwongozo mpya. Sababu mnaijua. Mtu akilazimishwa kubadilisha kila robo mwaka ataandika Juma@1, kisha Juma@2. Kinachosaidia ni urefu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, uyaunganishe, kisha usiyatumie kwingine. Yasiwe methali, maana methali kila mtu anaijua, na yasiwe majina ya watoto, maana yako Facebook.

Hilo la kutotumia kwingine lina uzito kuliko yote. Mwaka 2012 nywila za LinkedIn ziliibwa. Kwanza zilionekana milioni sita na nusu, na mwaka 2016 ikajulikana kwamba ni zaidi ya milioni 100. Wezi hawana shida na LinkedIn yako. Wanachukua barua pepe na nywila ile, wanazijaribu kwenye Gmail, kwenye benki, kwenye Facebook, na programu inawafanyia kazi hiyo usiku kucha. Kwa hiyo akaunti ya barua pepe iwe na nywila yake ya peke yake, kwa sababu kila akaunti nyingine ikisahaulika hurejeshwa kupitia hapo. Kisha washa uthibitisho wa hatua mbili. Programu ya kuzalisha namba ni bora kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu huweza kuhamishwa na mtu aliyejifanya wewe kwa wakala.

Hapo tumefika kwenye simu, na kwenye simu najua kila mtu ana kisa. Tanzania nzima imeshapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wasomi huucheka, na mimi nawaambia wauheshimu, kwa maana ya kumheshimu nyoka. Aliyeutunga anajua hesabu. Anautuma kwa maelfu ya watu, na kila mwisho wa mwezi kati ya maelfu hayo wapo wanaodaiwa kodi kweli, waliokuwa wanasubiri namba kutoka kwa mwenye nyumba au fundi. Kwa hao ujumbe ule haufanani na utapeli, unafanana na ratiba. Ndiyo maana namba mpya ya malipo ithibitishwe kwa kumpigia mtu kwa namba uliyonayo siku zote, hata kama ujumbe umetaja jina lako.

Wizi wa WhatsApp una ukatili zaidi, maana unatumia sauti ya rafiki. Dada yako anakuandikia: samahani, nimetuma namba sita kwako kimakosa, nirudishie. Dada yako hayupo hapo, akaunti yake ilishachukuliwa jana. Namba zile sita ni za akaunti yako wewe, na ukizituma, kesho wewe ndiye utakayekuwa unawaomba wajomba fedha za matibabu. Washa ile PIN ya hatua mbili ndani ya WhatsApp leo hii, kabla hamjatoka ukumbini. Kwa Watanzania, *106# inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba za matapeli hupokelewa 15040.

Msidhani benki kubwa zinaibiwa kwa ujuzi wa aina nyingine kabisa. Benki Kuu ya Bangladesh ilipoibiwa Februari 2016, kwa mujibu wa wachunguzi wa Marekani, mlango ulikuwa barua pepe ya mtu aliyejifanya anaomba kazi, akiwaalika wafanyakazi kupakua wasifu wake. Wezi wakakaa ndani kwa muda mrefu wakijifunza. Walichagua Alhamisi usiku, kwa sababu Ijumaa Dhaka ni mapumziko, wikiendi New York hakuna mtu ofisini, na Jumatatu Manila walikuwa kwenye sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Waliagiza karibu dola milioni 951. Milioni 81 zikafika Ufilipino, na nyingi hazijarudi. Nyingine milioni 20 zilielekezwa kwa asasi moja ya Sri Lanka, lakini neno la jina la asasi hiyo liliandikwa kwa makosa, karani wa benki ya kati akashtuka akauliza, malipo yakazuiwa. Karani mmoja aliyesoma tahajia aliokoa fedha ambazo mitambo iliziruhusu. Nawaambia makatibu muhtasi waliomo humu: siku bosi akiwaharakisha kulipa kwa akaunti mpya saa kumi na nusu Ijumaa, waulizeni. Bosi mwenye akili atawashukuru, na asiye nayo atawakasirikia kwa muda mfupi kuliko mkaguzi.

Yapo mashambulio ambayo mtumiaji hana la kufanya. Julai 2023 tovuti ya eCitizen ya Kenya ilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo, kundi lililojiita Anonymous Sudan likajitangaza, na watu wakakwama kupata huduma za serikali, huku malipo ya simu nayo yakiyumba. Siku kama hiyo antivirusi yako haisaidii kitu. Kinachosaidia ni cheti kilichochapwa, na noti kidogo mfukoni.

Ndiyo narudi kwenye nakala, ambayo ndiyo ninayoiamini kuliko mengine yote. Kanuni inayotumika duniani ni kuwa na nakala tatu za kazi yako, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Wengi mkisikia hivyo mnasema tunayo Google Drive. Hiyo inafanana na zile seva 150. Folda inayojilinganisha yenyewe na kompyuta yako italinganisha na uharibifu pia: faili likisimbwa hapa, linasimbwa na kule. Baadhi ya huduma hutunza matoleo ya zamani kwa siku kadhaa, na ni vizuri kujua ni siku ngapi kabla ya kuzihitaji. Lakini diski ya nje, iliyochomekwa Ijumaa jioni, ikanakiliwa, ikachomolewa, ikafungiwa kwenye kabati la nyumba nyingine, haiwezi kufikiwa na mnyoo wowote. Iliyoachwa imechomekwa wiki nzima ni sehemu ya kompyuta, na itasimbwa pamoja nayo.

Nasema hasa na viongozi wa SACCOS. Wanachama mia tatu, akiba zao za miaka, zote kwenye kompyuta mpakato moja ambayo mtunza hazina huenda nayo nyumbani kwa bodaboda. Wapo wanaotumia fedha za chama kununua antivirusi ya gharama huku hawana diski ya pili. Mimi ningenunua diski mbili kwanza, nizibadilishe kwa zamu, na Windows ina kinga yake ya bure inayotosha ikiachwa ifanye kazi. Na mara moja kila robo mwaka chukueni nakala ile, ifungueni kwenye mashine nyingine, mtafute salio la mwanachama mmoja. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kujua kama ni nakala.

Ikiwa imeshatokea, skrini inadai fedha, chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi kwanza. Usifomati. Piga picha ya maandishi yale kwa simu, kisha ingia kwa kifaa kingine kwenye No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni mbili za usalama wa kompyuta. Wanatoa bure funguo za aina nyingi za programu hizo, si zote. Ripoti polisi, ukiwa na picha ile. Kulipa sishauri, kwa sababu wapo waliolipa wakanyimwa ufunguo, na jina la mlipaji hukumbukwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna maikrofoni mbili, moja iko kwa kina mama upande ule. Na mliokuja na kompyuta ili tuziangalie baada ya maswali, tafadhali msizichomekee flashi za mtu yeyote mpaka tuzipitie moja moja kwenye ile meza ya mlangoni.